Aliyeshika Ncha ya Pili ya Kamba

Sifa kwa Bwana aonaye hata ndani ya ukungu, ndugu zangu. Kabla sijaendelea, niwataje waliokuwepo siku ile: mimi Eliya, mdogo wangu Joeli, mnayemwona pale kwenye kinanda, na Mama Tausi, mwenyeji wa milima ya Uluguru aliyetuongoza njia. Hakuwepo mwingine. Naomba mkumbuke hivyo.

Baba yetu alikuwa mkwezi wa minazi kule Maneromango. Kila mara kabla ya kuangusha nazi aliita, "Kaeni mbali!" Siku moja hakuita. Nilisikia kishindo, nikadhani ni nazi, nikaenda kuokota.

Mama naye hakukaa sana. Niliacha shule darasa la sita, nikawalea wadogo zangu hapa Kongowe. Tangu siku ile ya kishindo sikuweza kupanda hata stuli. Taa ikiungua, namwita jirani. Na mnazi ule hakuna aliyeukwea tena.

Kisha mdogo wetu wa mwisho, Neema, akachumbiwa. Kwa desturi ya upande wa mama, baraka hutoka kwa mjomba, na mjomba wetu ni mgonjwa, anaishi juu kabisa milimani. Alituma neno: "Siozi mtoto wa dada yangu kwa simu. Aje aliyesimama mahali pa baba yake."

Huyo ni mimi. Nisipofika, Neema haolewi.

Tulitembea siku tatu. Siku ya kwanza nilipita miteremko kwa kutambaa. Joeli akacheka, "Kaka, watu wa huku watadhani tumewaletea kenge." Mama Tausi hakucheka. "Baba, bonde halikuiti," aliniambia. "Tembea."

Siku ya pili nikaanza kusikia vishindo bondeni. Kimoja, kimya kirefu, kisha kingine. Nikamuuliza Mama Tausi kama huku kuna minazi.

"Nazi tunanunua sokoni, huko chini," akasema, akaongeza mwendo.

Siku ya tatu njia ikabana. Mkono wa kulia mwamba, mkono wa kushoto hakuna kitu, ukungu mtupu. Mama Tausi alitangulia, akapotea humo. Nikaukumbatia mwamba. Nilikuwa nimebeba kamba ya baba, ile aliyofungia nazi. Nikidhani Joeli ameshanipita, nikafumba macho, nikarusha ncha moja mbele.

"Joeli, shika."

Ikashikwa.

Nikaomba: Bwana, nikivuka salama, nitaukwea mnazi wa baba, niangushe nazi za harusi ya Neema. Kamba ikavutwa taratibu. Nikafuata. Nikisita, nayo inasita. Tulipofika katikati, sauti ya chini ikasema mbele yangu, "Kaeni mbali." Ndipo kishindo kikasikika bondeni. Ndugu zangu, hakikunitikisa. Safari hii nilikuwa nimeonywa. Baada ya hapo sikusikia kingine.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye uwanja mpana. Mama Tausi ameketi mbali, amenipa mgongo, anakula muhogo. Nyuma yangu, ng'ambo nilikotoka, Joeli alikuwa anapiga kelele: "Kaka! Si nimekuambia ungoje, nafunga kiatu?"

Ncha ya pili ya kamba ilikuwa miguuni pangu, imezungushwa na kufungwa vizuri, kama baba alivyoifunga akimaliza kazi.

Sisemi alikuwa baba. Maandiko hayaniruhusu. Nasema Bwana alimtuma amtakaye, naye akaja kwa namna ninayoifahamu.

Mjomba aliniwekea mkono kichwani, na Neema akaolewa. Taa za nyumbani nabadilisha mwenyewe. Nawe unayetetemeka mbele ya njia yako, rusha kamba yako kwa Bwana, hata kama humwoni anayeipokea.

Ila niombeeni. Nazi za harusi tulinunua Kongowe sokoni. Nimeshakwenda Maneromango, nikasimama chini ya mnazi na kamba begani, nikatazama juu mpaka shingo ikauma, nikarudi. Bado unanidai.