Mtoto Aliyeifundisha Simu Kulala

Mheshimiwa Bourgmestre, meya wetu wa Kabondo. Bwana Profesa Hugues, uliyesimamia tezi, yaani tasnifu ya chuo kikuu, ya mtoto wetu. Wazee wa msikiti. Majirani Wakristo wa Kabondo mliofunga maduka mapema kwa ajili yetu. Kina mama wa jikoni mnaonisikiliza huku mkichungulia pondu, yale majani yetu ya muhogo, isiungue. Na wewe Rachida, mwenye sherehe: nawasalimu nyote, kila mtu kwa heshima yake.

Mimi ni Jafari, fundi wa baiskeli, na noko wa Rachida, yaani ndugu wa mama yake. Kesho mtoto anapanda ndege kwenda mbali kuendelea na masomo yake ya mawasiliano ya simu. Na desturi ya ukoo wetu mnaijua: mtoto haendi safari ndefu mpaka noko asimame mbele ya watu, aseme kwa kinywa chake mtoto anakwenda kufanya kazi gani, ndipo ambariki. Dada yangu Kadidja amekata neno: noko asiposema, mtoto haendi. Bon. Shida ni moja tu. Noko haelewi.

Mnacheka, lakini mimi nimechanganyikiwa kweli. Mtoto amesoma mpaka macho yakaomba miwani, nikamuuliza, "Sasa hiyo simu umeifundisha nini?" Akanijibu, "Noko, nimeifundisha kulala." Jamani! Kulala nako kunasomewa chuo kikuu? Si tungempeleka shemeji yangu Baraka, baba yake, leo angekuwa profesa?

Hata hivyo nilitii. Nikasema, kama simu inataka usingizi, iupate. Nikaizima, nikaiviringisha kitambaa, nikaifungia sandukuni. Huku nyuma jamaa zetu wa kijijini Bengamisa wanapiga, hawanipati. Na siku hizi mtu asipopatikana kwenye simu, watu wanafikiria nini? Nimeinama naziba pancha, naona pikipiki zinaingia zimebeba turubai, viti vya plastiki na mbuzi. Wamekuja kwenye matanga yangu! Landry, binamu yangu, akashika kiuno: "Jafari, kumbe uko muzima? Alors, huyu mbuzi tutamufanya nini?" Tulimla, Mheshimiwa. Alikuwa mtamu, ingawa nilimla bila kujua vizuri kama nasherehekea au najiomboleza.

Hapo Profesa akanihurumia. "Papa Jafari," akasema, "simu haipumziki hata kama hakuna anayekupigia. Kila mara inaitegea antena sikio: kuna neno langu? Hakuna. Kuna neno langu? Hakuna. Batri inakwisha kwa kusikiliza bure." Akaongeza kwamba kuna antena mpya za masafa ya juu sana, ambazo mawimbi yake yanabeba mengi lakini yanakwenda membamba kama mwanga wa tochi, kwa hiyo antena inarudia tangazo lile lile upande huu, upande ule, na simu inakesha ikingoja zamu yake. Antena inachoka, simu inachoka. Mimi pia nikachoka, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Profesa, unisamehe.

Nikamrudia mwenye kazi. Rachida akasema yeye amebuni ishara fupi inayotangulia, kama kugonga mlango: wasiohusika wanaendelea kulala, anaamka yule tu mwenye ujumbe. Nikamwuliza, sasa aliyelala anasikiaje kwamba ameitwa? Akacheka. "Noko, si wewe uliniambia? Mama alipokuwa akininyonyesha, mvua ilipiga mabati, yeye amelala. Pikipiki zikapita, amelala. Mie nikiguna kidogo, yuko macho."

Donc, hapo nikapata mwanga. Halafu nikapotea tena. Kama kila mama analijua jambo hilo, kwa nini mtoto avuke bahari kulisomea? Nani atanijibu? Namwona Profesa anainua mkono; ngoja kwanza, Profesa, sijamaliza.

Ndugu zangu, asubuhi hii nilikuwa nanyoosha gurudumu la mteja, mara nikagundua kwamba kinachonichanganya si simu. Rachida, simama, mwanangu. Toka mfungo ulipoisha nakuuliza swali lile lile, na kila ukinieleza nasema bado, bado. Nilijua kwamba siku noko atakayosema ameelewa, ndiyo siku utakayoondoka. Basi sikutaka kuelewa. Nani atakuja kukaa kwenye kibao cha karakana anitanie jioni? Nani atabishana nami? Naumia, na siwezi kuwaficha.

Lakini mapenzi ya noko yasiwe kamba ya kumfunga mtoto. Sikilizeni wote, nisiulizwe tena. Mtoto wetu anakwenda kuzifanya simu na antena zisile umeme bure, ili mtu anayeishi mahali kama hapa petu, ambapo umeme unakuja ukitaka, aitwe na apatikane. Nimekosea, Profesa? Hapana? Basi nimesema, na desturi imetimia. Rachida, Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akupe watu wema, akurudishe salama. Nenda, mama yangu. Noko ameelewa.

Mheshimiwa, wageni wetu, majirani, nawashukuru kwa miguu yenu mliyoichosha kufika hapa. Asanteni kwa kunisikiliza, na anayetaka kulia asione haya. Mimi nimekwisha kuanza.