Miaka Thelathini na Sita Kasoro Siku Sita: Mama Mizani Akabidhi Wodi

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, Muuguzi Domisiana Nduwayo alitimiza miaka sitini ya kuzaliwa na, kwa mujibu wa sheria, akastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na sita kasoro siku sita. Hizo siku sita amezitaja mwenyewe, maana hapendi hesabu ikae vibaya. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Swaumu Amri, niliyefanya kazi chini yake kwa miaka kumi na mmoja, niandike wasifu wake kwenye programu hii, na ikasisitiza niandike kwa furaha. Nimejaribu. Mtakapoona furaha imekatika njiani, mnisamehe na mwendelee kula.

Mama Domisiana alizaliwa Nyakisasa, wilayani Ngara, mtoto wa nne katika nyumba ya wakulima Wakatoliki, watu wa migomba, maharage na rozari. Alisomea uuguzi ngazi ya cheti na kuajiriwa tarehe 4 Septemba 1989 kwenye zahanati yenye vitanda viwili na kuku wasiohesabika. Mwaka 1994, wakimbizi walipomiminika Ngara, aliazimwa makambini kwa wiki tatu. Akarudishwa baada ya mwaka na nusu. Hapendi kuusimulia wakati ule. Husema tu kwamba aliona wauguzi hodari, wenye huruma kweli kweli, wakipoteza wagonjwa kwa sababu hakuna aliyejua nani yuko zamu na nani anashika nini. Huko ndiko alikopata kiu ya kusomea uongozi wa wauguzi, na kiu hiyo imemtesa kuliko presha.

Alihamia hospitali yetu ya hapa Biharamulo mwaka 1999, akapangiwa Wodi ya Upasuaji na Majeruhi. Wodi hii ina vitanda thelathini na viwili, na barabara ya malori yaendayo Rusumo huhakikisha havikai vitupu. Jina la Mama Mizani alipewa na dereva mmoja wa lori la saruji aliyepinduka karibu na Lusahunga na kulala kwetu wiki saba na mguu ukining'inia. Kila asubuhi mama alikuwa akivuta kitanda chake, anachungulia chini, anafunua shuka, anasoma chati, anauliza choo, anauliza maji. Dereva akalalamika kwa daktari kwamba amepita mizani zote kuanzia bandarini, lakini hii ya hapa ndiyo haikwepeki. Jina likashika hadi kwa Mganga Mfawidhi. Mwenyewe alijibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mwa dereva yule alikuta chupa mbili za konyagi.

Sasa niwaeleze desturi moja ya wodi yetu, maana bila hiyo hamtaielewa habari yenyewe. Zamu haiachwi, hukabidhiwa. Anayetoka na anayeingia hupita kitanda kwa kitanda, kisha hufungua kitabu cha ripoti. Kuna safu ya "Nimekabidhi" na safu ya "Nimepokea". Safu ya pili ikiwa tupu, wa kwanza haondoki, hata kama mtoto wake anaungua homa nyumbani. Uongozi wa wodi nao hukabidhiwa vivyo hivyo, katika kitabu kile kile, kwa kalamu ile ile. Mama Domisiana hajawahi kuondoka bila sahihi ya pili. Hata mara moja.

Mwaka 2006 alipata nafasi ya kwenda kusoma shahada. Ilikuwa barua yake ya kwanza ya chuo kikuu, akaitia kwenye mfuko wa nailoni isilowane. Mwezi ule ule aliyekuwa kiongozi wa wodi, Mama Theodosia, alikuwa akistaafu, na hapakuwa na wa kumpokea. Mama Theodosia alisimama pale mezani na miguu imemvimba, kitabu kiko wazi. Domisiana akamwonea huruma, akasaini. Aliambiwa ni kukaimu kwa miezi sita. Alikaimu miaka saba. Barua ya chuo ikabaki kwenye nailoni, haikulowa kamwe, ila ilipitwa na wakati.

Jamani, mwanamke huyu hakukata tamaa, na hapo ndipo ninapomshangaa. Shahada ya kwanza aliisoma kwa kuiba siku za likizo, akaihitimu mwaka 2013. Akaomba uzamili katika uongozi na utawala wa uuguzi. Alikubaliwa mara mbili, na mara mbili jibu la ofisi lilikuwa moja: ukiondoka, nani atabaki? Alipoomba nafasi ya Muuguzi Mkuu wa hospitali alijibiwa hivyo hivyo. Ubora wake ndio uliokuwa pingu yake. Mara ya tatu, mwaka 2019, ofisi ikamruhusu baada ya yeye mwenyewe kumtafuta wa kumshikia wodi kutoka kituo kingine, na kumwombea nyumba ya kuishi. Akapanda basi akiwa na miaka hamsini na minne. Wanafunzi wenzake, watoto wa kuwazaa, walimwamkia shikamoo darasani, na mhadhiri mmoja naye akajisahau akamwamkia.

Utafiti wake nimeusoma mara tatu. Alipita vituo kumi na kimoja vya Ngara na Biharamulo, hadi Nyamahanga kwa pikipiki wakati wa mvua, akawauliza viongozi wa wodi thelathini na wanne swali moja: uongozi uliupataje? Watano walisema walifundishwa au walichaguliwa. Ishirini na tisa walitoa jibu linalofanana hadi anasema mkono ulimchoka kuliandika: nilikuwepo. Mkubwa aliondoka, mimi nilikuwepo. Ukurasa wa mwisho akapendekeza kwamba asistaafu kiongozi yeyote wa wodi kabla mrithi wake hajaandaliwa miaka miwili, na kwamba aliye masomoni asiitwe kuziba pengo. Alihitimu mwishoni mwa 2021. Nakala moja aliikabidhi ofisini kwa mikono miwili. Nakala hiyo ninaijua ilipo. Ndiyo inayozuia dirisha la stoo lisijifunge upepo ukivuma.

Aliporudi alianzisha Darasa la Alhamisi ndani ya stoo ya mashuka, nusu saa baada ya makabidhiano, sisi tumekaa juu ya mabunda ya shuka na yeye juu ya ndoo iliyofunikwa. Alitufundisha kupanga ratiba ya zamu bila kumwonea asiye na mtetezi. Alitufundisha kumkosoa mtu bila kumvua nguo, na kuandika barua ambayo mkubwa hawezi kuijibu kwa kusema "tumeipokea". Mtu akileta ile methali ya punda afe mzigo ufike, alikuwa mkali. Aliuliza punda akishakufa, mzigo wa kesho utabebwa na nani. Tulikuwa tukicheka. Sasa hivi sioni kilichokuwa kinachekesha.

Mwanafunzi wake wa kwanza kwenda uzamili alikuwa Leonidas, kijana wa hapa hapa Biharamulo, kichwa chepesi. Mama alimpigania mwaka mzima. Leonidas akasoma, akafaulu, akapewa kazi ya kufundisha huko huko chuoni. Simlaumu, na mama hakumlaumu. Alipigiwa simu, akasikiliza, akampongeza kwa dhati, akakata, akaenda kuvuta vitanda. Siku ile alivivuta vyote thelathini na viwili peke yake na hakutaka msaada.

Nikabaki mimi. Niseme ukweli, sikuwa na hamu. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara, kwetu mtu akisoma sana huulizwa atauza lini. Ni Mama Mizani aliyenijazisha fomu, akanisahihisha barua mara tano, akaninunia mara sita. Mwezi Julai jibu likaja: nimekubaliwa uzamili wa uongozi wa uuguzi, kuripoti Oktoba. Nilimpelekea wodini. Alisoma, akaivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akaenda kutafuta mfuko wa nailoni.

Tangu siku hiyo alikuwa akiandika barua kila wiki kwa Katibu wa Afya wetu, Bwana Idefonsi, kuomba mtu wa kuandaliwa ashike wodi yeye akistaafu na mimi nikienda. Bwana Idefonsi si mtu mbaya, naye yuko hapa leo na anajua ninachokisema. Hana watu. Waajiriwa wapya walioletwa walikuwa wawili, wakagawiwa wodi ya wazazi, na ni haki, kina mama wanajifungua wawili kitanda kimoja. Alhamisi ya tarehe 28 alikuja na barua ya kukaimu yenye jina langu. Ruhusa ya masomo ingefuata, alisema, mara atakapopatikana mbadala. Kiongozi wa wodi haruhusiwi kuondoka kabla ya mbadala kupatikana. Alikuwa anaangalia sakafu.

Ijumaa, siku ya mwisho, makabidhiano yalikuwa saa nane mchana. Tulipita kitanda kwa kitanda kama kawaida, akanieleza kila jeraha, kila dripu, nani analia akiachwa peke yake. Tukafika mezani. Akaandika upande wake: Nimekabidhi, D. Nduwayo. Kisha akakiacha kitabu wazi mbele yake, akasimama.

Kumbe alikuwa ameamua. Nje, bintiye Keza alikuwa amekuja na gari la kukodi kutoka Nyakisasa, na huko nyumbani ukoo mzima ulikuwa umekusanyika, padri ameitwa, sufuria ziko jikoni. Mama hakutoka. Saa tisa, yuko pale. Saa kumi, yuko pale. Nilimpa kiti, akakataa. Bwana Idefonsi akaja kumsihi. Mama akamwambia kwa adabu kwamba wodi haijapokelewa na yeye ataondoka ikipokelewa na mtu asiye na barua ya chuo. Keza akaja kulia. Mimi nilikuwa natazama miguu ya mama. Ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu zimezama. Presha anayo, na wote mnajua imeshamwangusha mara mbili. Ilipofika saa kumi na moja nikachukua kalamu.

Akanishika mkono. Akasema, "Usisaini kwa huruma, Swaumu. Mimi nilisaini kwa huruma."

Nikamwambia, "Mama, utaanguka."

"Niache nianguke. Wakinizoa hapa, labda watatafuta mtu."

Ndugu zangu, ningefanyaje? Kitanda cha tisa kilikuwa kinaita. Kitanda cha ishirini na mbili dripu imeisha. Na mwanamke aliyenilea kazini amesimama mbele yangu, anataka kuanguka ili mimi niende shule. Nikautoa mkono wake taratibu, nikaandika: Nimepokea, S. Amri.

Alisoma sahihi ile muda mrefu, kama anayekagua chati. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alilia. Kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kumwona analia wodini, hata siku tulipopokea majeruhi kumi na wanane wa ajali moja. Akalifungua begi lake, akatoa mfuko mtupu wa nailoni, ule wa kwake wa mwaka 2006, umekuwa wa manjano, akauweka juu ya barua yangu ya chuo pale mezani. Kisha akatoka, Keza amemshika huku, Bwana Idefonsi kule.

Haya, mafanikio yake, maana kamati iliyataka. Vidonda vya kulala wodini kwetu vimepungua hadi vya kuhesabu kwa mkono mmoja. Hakuna dawa iliyowahi kupotea mikononi mwake. Amefundisha wauguzi zaidi ya mia moja na kumi, na popote utakapowakuta kuanzia Ngara hadi Biharamulo utawajua, maana huvuta vitanda. Barua ya kumpandisha cheo kwa elimu yake ya uzamili ilifika tarehe 20 Julai, siku arobaini kabla ya kustaafu. Aliisoma, akasema ni kama kumletea mtumbwi mtu aliyekwisha kuvuka mto.

Oktoba itafika na darasa litaanza bila mimi. Siku moja mtafiti mwingine atapita wodini kwetu na daftari lake, ataniuliza uongozi niliupataje, nami jibu ninalo tayari, ni lile lile la wale ishirini na tisa. Nilikuwepo.

Mama Domisiana, shikamoo. Asante kwa kutuchosha, kutununia na kutupenda. Nenda Nyakisasa ukanyooshe miguu juu ya mto, na kahawa uletewe ukiwa umekaa. Tunakuombea siku nyingi na usingizi usiokatizwa na mtu anayekuita. Na hamu ya kuja kutuchungulia ikikushika, mama yangu, tafadhali usije. Ukija, tutakukabidhi wodi.