Mwalimu wa Gazeti la Ukutani

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuja kumsindikiza dada yetu mkubwa. Mimi mdogo wake nitajitahidi nisitie chumvi, maana marehemu hakuwa mtu wa kuvumilia chumvi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Ukweli ulimponyoka mapema. Jirani mmoja aliwaalika wazazi chakula, akamuuliza mtoto kama ameshiba. Akajibu, "Bado, ila mama amesema tukila sana tutachelewa kuondoka." Mama alikaa muda mrefu bila kupita mtaa ule.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, sekondari mwaka 1976, na chuo cha ualimu mwaka 1978. Alifaulu kila somo isipokuwa ushonaji, jambo lililomuuma baba hadi mwisho wa maisha yake.

Alianza kufundisha Januari 1979. Mwaka 1986 aliona darasa lake la saba halijui lolote linalotokea duniani, akawaanzishia gazeti. Wanafunzi walisikiliza redio, wakaulizia mtaani, wakaandika kwa mkono, na kila Ijumaa wakabandika ukutani nje ya ofisi. Habari za vita huko ng'ambo zilikaa jirani na matokeo ya mpira. Neno lake lilikuwa moja tu, "Umehakikisha?" Ndipo wakambatiza Mwalimu Hakikisha.

Balaa lilikuja walipoandika kwamba tangi la shule ni tupu, wakati mwalimu mkuu alikwisha kuwaambia wazazi limejaa. Mkuu alilibandua gazeti, akamwambia dada, "Ombeni radhi, la sivyo gazeti limekufa na wewe utahamishwa."

"Tukiwa tumekosea tutaomba," dada akasema. "Twende tukaangalie."

Aliitwa fundi bomba na ngazi yake. Mkuu, kwa ubishi, akapanda mwenyewe na suti yake, akainama kuchungulia. Miwani ikamtoka, ikatumbukia tangini. Shule nzima ikatega sikio kusubiri chubwi, ikasikia kong'o.

Mkuu alishuka taratibu. Hakutaja tena radhi. Aliomba tu habari ya miwani isiandikwe. Dada akamjibu, "Hiyo si habari, mkuu, hiyo ni ajali." Gazeti likarudi ukutani, na maji yakaletwa.

Fundi bomba aliyeingia tangini kuitoa miwani ndiye shemeji yetu. Walioana tarehe 12 Desemba 1987, na mkuu akawa msimamizi wa harusi. Alikuwa mtu muungwana, tusimsingizie.

Dada alistaafu mwaka 2018, lakini Ijumaa hazikumwachia; aliendelea kwenda shuleni kulipitia gazeti. Figo zilianza kumsumbua mwaka jana. Mwezi uliopita wanafunzi walimletea gazeti wodini alipitie. Juu kabisa waliandika, "Mwalimu wetu anaendelea vizuri."

"Nani kawaambia?" akauliza.

Mhariri, binti wa darasa la saba, akainamisha kichwa. "Hakuna, mwalimu. Sisi ndio tunataka iwe hivyo."

Dada alicheka, kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia mbele ya wanafunzi. Akamshika binti mkono. "Futa, mwanangu. Andika mwalimu anaumwa sana, na hatarudi."

Yule binti alifuta palepale, machozi yakimdondoka kwenye karatasi, akaandika alivyoambiwa. Dada akasoma, akasema, "Sawa. Kabandikeni."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, alfajiri. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, sisi wadogo zake, na darasa la saba. Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani.