Mashahidi Ishirini wa Namba Sita

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na aliyelitengeneza, seremala aitwaye Randa, kaapa hatalitia mguu wa nne wa mbao mpaka wenzake waache kumcheka. Kila asubuhi hunywa kahawa hapo na wawili wasiomkosa: Mizani, muuza nyama, na Wakili, mbeba mafaili wa mahakamani, ambaye sheria anaijua kwa kuisikilizia mlangoni. Siku hiyo Randa alikuja na karatasi mfukoni. Alikuwa amejiunga na masomo ya jioni, utu uzima huo, na mwalimu wake ni binti yake wa pekee. Binti kampa sifuri mbele ya darasa. Wiki ya tatu hii Randa hasemi naye, na nyumba ni moja.

— Soma swali, — Wakili akaamuru.

— "Thibitisha kwamba ukizidisha namba tatu zinazofuatana, jibu hugawanyika kwa sita." Nikaanza na moja mara mbili mara tatu, nikapanda. Tano mara sita mara saba, mia mbili na kumi. Gawa kwa sita, thelathini na tano kamili! Mistari ishirini, hakuna uliobakisha kitu.

— Ishirini? — Wakili akaweka kikombe chini. — Mahakamani mtu anafungwa kwa mashahidi wawili! Kata rufaa.

— Penye wengi hapaharibiki neno, — Mizani akaunga mkono.

— Kaniandikia kwa wino mwekundu: "Umeonyesha, hujathibitisha." Mimi! Nimemlea peke yangu tangu mama yake afariki, nimemsomesha kwa randa hii hii...

Akaipiga karatasi kwa kiganja. Mizani akamsogezea kikombe.

— Sikia, — Mizani akasema taratibu. — Namba zinazaana, sivyo? Ishirini inamzaa ishirini na moja. Wazazi wakigawanyika, watoto watakwepaje? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Hiyo haisimami kisheria. Tubandike tangazo ukutani: namba yoyote yenye pingamizi ijitokeze ndani ya siku ishirini na moja. Isipojitokeza, kesi imekwisha!

Siku nyingine Randa angecheka mpaka machozi. Leo aliikunja tu karatasi yake.

Nyuma yao alikuwa amesimama mshonaji aliyehamia mtaani juzi juzi, akingoja kikombe.

— Samahanini, ndugu zangu, mimi shule sikufika mbali. Hiyo ya kuanzia ishirini na moja mmeijaribu?

— Bado, — Randa akakiri.

— Mkishaijaribu, zitakuwa zimebaki ngapi?

Wakili akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia. Mizani akainamisha birika. Likadondosha matone mawili, basi.

Randa akakumbuka kazi yake. Miaka thelathini kajenga nyua: kila nguzo ya pili huipaka chokaa, kila ya tatu huipigilia msumari wa waya. Shika nguzo tatu mfululizo, mwanzo wa uzio au mwisho wake, ya chokaa hukosi, na ya msumari hukosi. Namba nazo ni hivyo hivyo. Katika tatu zinazofuatana lazima mojawapo igawanyike kwa mbili, na lazima mojawapo igawanyike kwa tatu. Zizidishe, sita haina pa kukimbilia. Uzio uwe mrefu kuliko dunia, huna haja ya kuutembea. Lo! Alikuwa anaijua sababu, akaacha kuiandika, akaleta mashahidi. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Unakwenda wapi? Rufaa je? — Wakili akapaza sauti.

Hakugeuka. Alimkuta binti yake kizingitini akifunga viatu, daftari za wanafunzi kwapani. Binti akainuka, akainamisha kichwa kama alivyofanya kila asubuhi kwa wiki tatu, bila kupata jibu.

— Shikamoo, Baba.

Randa akashika mwimo wa mlango.

— Marahaba, mwanangu. Marahaba za siku zote hizo. Ile sifuri ni halali yangu.