Beringi Inayocheza Kidogo

Fungeni mlango, na aliye karibu na dirisha alifunge pia, maana hilo dirisha lina masikio upande wa pili. Kabla sijatamka neno, kila mmoja wenu aape kwamba nitakayosema hayatatoka humu, hayatakwenda salooni wala dukani, wala hayatanong'onwa kwa mtu kwa sharti kwamba naye asimwambie mtu. Mkubwa, apa. Sema "naapa" kwa sauti, wewe unayeuza viwanja vya watu kwa kelele unashindwaje na neno moja? Mkwe wangu, na wewe, nakutazama midomo. Spana, binti yangu, weka hiyo spana chini uape kwa mikono mitupu. Asali, wewe kitindamimba wangu najua huna neno, lakini apa tu wenzako wasione wivu.

Haya, mmeapa. Aliyeniambia ni mshonaji, jirani yetu. Aliniapisha nisimtaje, nikaapa, na sasa nimemtaja. Mtu aliyekaribia kuondoka hana tena pa kuwekea siri za wenzake, atazibebea wapi?

Alisema hivi. Asubuhi alikuwa anapiga pasi karibu na dirisha lake, akamwona yule mwenye gari jekundu, yule anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, amesimama kivulini anaongea na simu: "Zilete leo, kabla bibi hajazishika. Zile nyingine zifunge kwenye karatasi kama ile ile, nani atajua?" Wanangu, bibi ni mimi. Zinazotakiwa kuletwa ni beringi zangu mbili za giaboksi. Na wa kuzipeleka yumo humu ndani, kwa kuwa ufunguo wa kabati langu haujui njia ya nje ya familia hii. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo zangu ndio ninyi.

Msitazamane. Nitazameni mimi.

Daktari amesema nisiongee sana, eti moyo umechoka. Moyo ni wangu au wake? Nimeutumia bila kumwomba ruhusa tangu hajazaliwa, nitaumalizia nipendavyo. Mkwe wangu, usiniletee hiyo dawa ya usingizi, nimeiona unavyoificha kiganjani. Nikitaka kulala nitalala moja kwa moja, tena bila maji.

Sikilizeni basi, na asiyeelewa aulize sasa, kaburini sitakuwa na dirisha.

Gari la baba yenu, lile dogo la buluu lililokaa gerejini likageuka kitanda cha paka, nalo nampa Spana, na jambo hilo halina mjadala. Ndiye aliyelifufua. Injini ameisaga kichwa, ameipa kabureta mbili palipokuwa na moja, kemshafti, ile fimbo inayofungua vali, ameipeleka ikachongwa upya, na sasa ikiwashwa inanguruma kama mwanamke aliyeambiwa atulie. Mwezi ujao atapanda nalo mlima, kwenye mashindano ya magari ya zamani, huku kuta za mawe upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, hewa tu. Kilichobaki ni giaboksi, hiyo hapo mezani, matumbo nje, juu ya shuka ambalo mkwe wangu amelililia kuliko anavyonililia mimi. Shafti iko tayari, gia ziko tayari. Na pale kwenye sinia, ndani ya karatasi ya kaki iliyolowa grisi, ziko beringi, au kinachojiita beringi. Sijaufungua mzigo ule tangu ulipotolewa kabatini leo mchana. Nitaufungua leo, mbele yenu, kwa vidole hivi.

Unasemaje, Mkubwa? Rudia wenzako wasikie. "Beringi ni beringi, Mama, zote za mviringo." Eti! Na mke ni mke, wote wana miguu? Mbona ulizunguka miaka kabla ya kumleta huyu? Mkwe wangu, cheka, usiogope, leo nimekusifu.

Baba yenu naye alisema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nauza spea kwenye kaunta ya mbele, yeye yuko nyuma chini ya magari, na watu walikuwa wanapita kunitazama kana kwamba nimevaa suruali ya mtu. Baba wa huyu mwenye gari jekundu alikuja siku moja akasimama mlangoni, akasema kwa sauti mtaa mzima usikie, "Tazameni, mwanamke anauza beringi kama nyanya." Nikamwambia nyanya naziminya kujua mbichi na mbivu, na wewe sogea karibu nikuminye. Hakurudi. Lakini kinyongo nimekitunza vizuri, hakijaota hata kutu, na anayetaka kukirithi aseme.

Basi baba yenu aliiongezea nguvu injini ya gari hili hili, akatafuta beringi za giaboksi. Zilikuwapo aina mbili. Moja ukiishika na kutikisa pete zake, ya ndani na ya nje, haisogei hata kidogo, imekaza. Nyingine ukiitikisa inacheza, kiasi cha unywele, unausikia kwenye ncha za vidole kabla hujauona. Akasema hii inayocheza imechoka, imetumika, tumeuziwa uchafu, akachukua iliyokaza, akaibusu, akasema, "Hii imara kama ndoa yetu." Nami nikacheka, nilikuwa bado mjinga wa beringi na wa ndoa pia.

Tukapanda mlima, mimi nimeketi pembeni yake na Spana yumo tumboni. Injini ile ikasukuma, mafuta ya giaboksi yakachemka, na chuma, wanangu, kikipata moto hufura kama mtu aliyesifiwa. Gololi zilizo kati ya pete zikakosa pa kupumulia. Kwanza ikalia, mlio mwembamba kama mbu. Nikamwambia, baba watoto, kuna kitu kinalia. Akasema ni upepo. Kona ya tatu ikajifunga yote, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, gari likageuka likatazama tulikotoka, na gurudumu moja la nyuma likabaki linaning'inia hewani upande ule usio na kitu. Nilitoka kwa kutambaa juu ya mapaja yake, tumbo na yote.

Tangu siku hiyo beringi zilichaguliwa na mimi. Baba yenu alikuwa mwanamume wa kweli, alikosea mara moja na hakubishana na mlima.

Kwa hiyo Spana, shika haya, na wengine mtanisamehe. Injini ikiongezwa nguvu, usiipe giaboksi beringi iliyokaza. Itafute inayocheza kiasi cha unywele, kwa sababu unywele huo ndio nafasi ya moto. Ikipoa utaihisi imelegea, ikichemka itakuwa sawasawa. Na hata watu ni hivyo, aliyembana mwenzake asiache pumzi, siku ya moto watashikana wasiachane, na si kwa mapenzi. Kisha tazama kizimba, kile kinachozitenga gololi zisigongane. Kikiwa cha plastiki, mpe mwenye gari la kwendea sokoni. Wewe chukua cha shaba. Zile gia meno yake yamelazwa mshazari, hazizungushi tu, zinasukuma shafti kwa ubavu, kama mgeni anayekuja kukaa kwenye benchi iliyojaa. Injini ikizidi nguvu na msukumo unazidi, na plastiki haina mbavu za kustahimili. Beringi usiizungushe kavu kwa pampu ya upepo ili uifurahie inavyoimba, utaichubua. Na unapoiingiza kwenye shafti, gonga pete ile inayobana, ya ndani. Ukigonga ya nje ili ya ndani iingie, ni kumchapa mtoto wa jirani ili wako asikie.

Beringi zangu zile, zenye unywele na shaba, hazitengenezwi tena. Ndiyo maana huyo mwenye miwani anazitaka, naye ana gari kama hili hili chini ya ile rangi yake ya nyanya. Zikienda kwake, yeye atapanda mlima, na binti yangu atapanda na chuma kilichokaza mpaka kona ya tatu. Nani humu anajua tofauti hiyo na bado ameuza? Au hajui, kwa kuwa beringi ni beringi?

Unaniangaliaje, Mkubwa? Sijakutaja. Lakini umevaa koti katika joto hili. "Mama, na Asali naye amevaa." Asali ana kifua, tangu utotoni, mwache mdogo wako! Wewe ndiye uliyesema gari liuzwe kabla hata sijaugua vizuri. Wewe ndiye simu yako inatetemeka mfukoni tangu niliposema neno "jekundu". Usiitoe. Ni mteja wa kiwanja? Basi kiwanja kisubiri, hakina miguu.

Asali, kaa hapo hapo, mwanangu, endelea kunikanda nyayo. Mikono yako imepoa leo. Usilie. Kati ya wote niliowazaa wewe ndiye usiyejua kusema uongo, ndiyo maana nilikuachia ufunguo wa kabati.

Nimalizie yaliyobaki, pumzi inaanza kunidai. Nyumba hii ni yenu watatu, msiikate. Kaunta ya dukani ni ya Spana. Cherehani ni ya mkwe wangu, anayesema hataki, ataitaka. Ngazi yetu iko kwa mshonaji tangu alipopaka rangi dari yake, kaichukueni kwa heshima, na mkifika msimwambie kwamba nimemtaja. Kwa fundi wa rangi wa kona ya chini nendeni mkamwombe msamaha kwa niaba yangu. Si kwamba nilimkosea, ila amesubiri sana na anazeeka. Msinisomee sifa nisizokuwa nazo. Anayetaka kulia alie akimaliza kuosha vyombo.

Na hakuna wa kunizika kabla Spana hajashuka mlimani. Naam, mwezi mzima. Msinitazame hivyo, nitasubiri, nimeshasubiri mambo mabaya zaidi ya hilo.

Sasa... sogeeni. Sauti imeanza kukwama. Kila mtu ainamishe kichwa afumbe macho niwaombee, nikimaliza mniletee lile sinia, niushike mzigo mwenyewe, nijue kama nitaondoka na amani. Fumbeni kweli kweli. Mkubwa, nimekuona, fumba. Spana, na wewe, geukia ukutani. Asali, acha miguu yangu, inatosha, simama na wenzako pale mezani.

Ee Mungu... uliyewapa chuma ugumu na binadamu ulaini... watazame hawa. Mkubwa... mpe maneno machache, na yawe ya kweli. Spana mpe... mpe macho ya kona. Mpandishe, Mungu wangu, na umshushe... umshushe na gari lake na mikono yake miwili. Mkwe wangu... mpe uvumilivu, wangu nimeutumia wote... Na Asali... kitindamimba wangu... mpe... mpe...

Fumbueni macho! Fumbueni wote, sasa hivi!

Asiguse mtu kitu! Spana, mshike mdogo wako kifundo cha mkono. Usimvunje, mshike tu. Hapana, mwanangu, usiurudishe huo mkono ndani ya koti, uache hapo hapo ulipo, juu ya sinia. Na ule mwingine nao. Mizigo miwili ya kaki, karatasi moja, kamba moja ya mkonge, mmoja unaingia na mmoja unatoka, na grisi mpaka kwenye mikono ya shati. Ulikuwa unazirudisha, naona. Uliogopa vidole vyangu kuliko ulivyoogopa mlima wa dada yako.

Usiniambie "Mama, nilidhani." Spana, fungua mzigo uliotoka kwenye koti lake, nipe moja. Nipe mkononi... Naam. Hii hapa. Unywele wangu huu hapa, unacheza. Funga hizi kwenye giaboksi, leo hii, mbele ya macho yangu, kabla hata hamjanipa maji.

Mkubwa. Mkubwa, mbona wewe bado umefumba? Fumbua, baba. Nimekusema mbele ya mkeo mchana kutwa, na ni wewe peke yako uliyekuwa unaniitikia "amina" kwa moyo. Futa machozi. Kamfungulie mshonaji, najua yuko nyuma ya dirisha, aingie aone, na yule wa miwani, nimelisikia gari lake likiegeshwa nje akizisubiri, mwiteni naye, mlango uwe wazi, mtaa mzima uingie.

Asali. Usiangalie chini. Inua mikono, mwanangu. Yote miwili. Juu, wakuone.