Sale Limepokewa, Makala Imefutwa: Kumuaga Bi. Theopista Kessy

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Theopista Kessy, Mhariri Mtendaji wa Jarida la Kihamba, atalifunga kabati lake la chuma kwa mara ya mwisho na kustaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Bodi ya Uhariri imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Naomba radhi mapema kwa upungufu wowote, na zaidi kwa furaha itakayonitoka kalamuni pasipo staha ya kutosha. Nimejaribu kuizuia, imeshindikana.

Wasomaji wajulishwe pia kwamba wasifu huu umepitiwa na wahakiki wawili wasiolijua jina la mwandishi, kama mstaafu mwenyewe alivyoagiza. Mhakiki wa kwanza ameridhika. Wa pili ametaka ushahidi wa dai langu kwamba Bi. Theopista hucheka kwa sauti inayosikika hadi stendi ya mabasi ya Moshi. Nimelipunguza hadi getini kwetu.

Alikuja mwaka 1994 akitokea Kilema, akiwa karani mwenye cheti cha upigaji chapa na gauni la kitambaa kizito ambalo marehemu mke wangu alilisifu kwa majuma mawili. Jarida wakati huo lilikuwa vikaratasi vilivyobanwa kwa pini, na utaratibu wetu wa uhariri ulikuwa mwepesi sana: Mwenyekiti aliisoma makala, akaipenda au asiipende. Mwandishi akiwa mwanafunzi wake wa zamani, aliipenda. Bi. Theopista aliyapiga chapa hayo yote kimya kimya, akasoma jioni hadi akapata shahada, na mwaka 2006 alipokabidhiwa uhariri mtendaji, ukimya ule ukaisha. Sisi tuliosomea misheni tulizoezwa kusimama mwalimu aingiapo darasani. Nimemzidi umri kwa miaka mingi, na hadi leo akiingia ofisini nasimama.

Jambo la kwanza alilolileta ni uhakiki usiotaja majina. Kila makala ingesomwa na wataalamu wawili wasiomjua mwandishi, naye mwandishi asiwajue wao. Huko kwingine duniani hili ni jambo rahisi. Hapa mlimani unalifuta jina, lakini makala yenyewe inasema utafiti ulifanyika katika kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, mkabala na kanisa, penye mti uliopigwa na radi. Mhakiki mmoja alirudisha ripoti iliyoandikwa: "Mwambieni Julius matokeo ni mazuri, na je, mguu wa mama yake unaendeleaje?" Bi. Theopista alimrejeshea kwa heshima zote, akimwomba autenganishe mguu na matokeo, kisha atume upya kimoja tu kati ya hivyo viwili.

La pili lilikuwa fomu ya mgongano wa maslahi. Iliuliza swali moja: je, una uhusiano wowote na mwandishi? Mzee Wenseslaus wa Rombo alilijibu kwa kurasa tatu, kuanzia kwa babu wa babu yake, na mwisho akahitimisha kwamba hapana, si sana. Ikabidi Bi. Theopista atunge kanuni ambayo sasa imebandikwa ukutani: "Ukila nyama kwenye harusi yake, huhakiki makala yake. Kama ulichanga tu na hukuhudhuria, njoo tujadiliane." Tangu hapo wahakiki wetu wengi hutoka Lindi, Songea na Kigoma, nao hutuuliza kwa nini watu wa Moshi wanawapenda hivyo.

Sasa niombe radhi tena, kwa kuwa nafika kwenye suala la mwaka 2017. Mhusika mkuu, Dk. Aminieli Mtui wa Marangu, ameniruhusu nilisimulie, na ameomba nisipunguze chochote. Dk. Aminieli ni mume wa Hilda, mdogo wake Bi. Theopista. Alikuwa amechapisha kwetu makala iliyowaambia wakulima kwamba migomba inayokua pamoja na kahawa inahitaji nusu tu ya samadi waliyozoea kuweka. Ilipendwa mno, maana samadi ni nzito na mlima ni mrefu. Kisha bwana shamba mmoja wa Tarakea akatuandikia kwamba jedwali la msimu wa tatu linafanana, tarakimu kwa tarakimu, na jedwali la watafiti wengine, wa udongo mwingine kabisa. Wakati huo huo wakulima wa kwake walikuwa wamekwisha kupunguza samadi, na mikungu ilikuwa imeanza kusinyaa.

Bi. Theopista alijaza fomu yake mwenyewe, akajiondoa, na suala likaenda kwa mama mmoja mtaalamu wa Lindi ambaye hakuwahi kuuona Mlima Kilimanjaro hata kwenye noti. Yule mama alimhoji Dk. Aminieli, naye akakiri: mvua zilisomba vipimo vyake vya msimu wa tatu, muda ukambana, akaazima vya wenzake bila kusema. Uamuzi ukatoka kwamba makala ifutwe hadharani. Kazi iliyobaki ilikuwa kulichapa tangazo katika toleo la Desemba, na hiyo kwa kanuni zetu ni kazi ya Mhariri Mtendaji.

Hapo ndipo ukoo ulipoingia. Mama yao, Bibi Salvina wa Kilema, alikuwa ametangaza kwamba anazeeka, na kwamba Krismasi ya mwaka ule anataka watoto na wakwe wote mezani pake. Hilda akatuma ujumbe kuwa tangazo likichapwa, yeye na mumewe hawatavuka kizingiti. Bi. Theopista alikuwa na mambo mawili mkononi, wakulima na meza ya mama yake, na ilionekana lazima moja lianguke.

Jumamosi moja Dk. Aminieli alibisha hodi nyumbani kwa Bi. Theopista, Shirimatunda. Alivaa suti, na mikononi alishika jani la sale lililofungwa fundo. Kwa wasomaji wetu wa Lindi nieleze: kwa Wachagga, aliyekosa akikuletea sale, humkatalii msamaha. Ni mwiko. Bi. Theopista alilipokea kwa mikono miwili, akamkaribisha, akammiminia chai. Yaliyofuata tumeyasikia ofisini mara nyingi, na kila mara tumeacha kazi ili tuyasikie.

"Basi tangazo halitoki," alisema Dk. Aminieli, akijiegemeza kitini.

"Litatoka Desemba, ukurasa wa tatu."

"Lakini shemeji, sale umelipokea."

"Nimelipokea lako. Wewe nimekusamehe, na nisikusikie ukiomba tena. Makala haijaniletea sale."

"Makala ina miguu?"

"Ingekuwa haina isingefika Tarakea."

Dk. Aminieli aliondoka akiiacha chai nusu. Jioni ile ile Hilda alipiga simu na kusema maneno ambayo sasa ni methali ya idara: "Haya, tuone Krismasi utakula na nani. Utakula na wahakiki wako."

Toleo la Desemba likatoka. Bi. Theopista alilisahihisha tangazo lile mara nyingi kuliko makala yoyote. Halikuwa na neno la kumdhalilisha mtu, wala la kuficha kosa. Kisha akapanda Kilema bila kujua mezani ataonana na nani.

Siku ya Krismasi mbuzi alichinjwa, mtori wa ndizi ukaiva, na viti viwili vilikuwa vitupu. Bibi Salvina alikataza nyama isigawanywe. Watoto walilia njaa, wajomba wakaanza kuisifu pombe ya mbege kuliko kawaida. Mchana umekwisha kukatika, gari likaingia uani. Dk. Aminieli alishuka pamoja na Hilda, jarida kwapani, akampa mama mkwe shikamoo, akaomba ruhusa ya kusema. Alilisoma tangazo la kufutwa kwa makala yake mwenyewe, lote, pamoja na namba ya ukurasa. "Nimewasomea," alisema, "kwa sababu nawajua, hakuna hata mmoja wenu anayelinunua."

Bibi Salvina aliuliza kama mkwewe amefukuzwa kazi. Akaambiwa hapana. "Basi kaa ule," akasema. Bi. Theopista mwenyewe ndiye aliyempelekea sahani. Dk. Aminieli aliigeuza nyama kwa uma, akaikagua. "Shemeji, kipande hiki kimepitiwa na wahakiki wawili?"

"Mmoja. Wa pili ni wewe."

Kicheko cha siku ile, kwa taarifa ya mhakiki wangu wa pili, kilisikika Marangu, na mashahidi wapo. Hilda alijitahidi kununa hadi kwenye mtori, hapo akashindwa.

Dk. Aminieli aliurudia utafiti wote kwa misimu mitatu kamili. Akauleta upya, Bi. Theopista akajiondoa, wahakiki wakamrudishia mara mbili, mwaka 2022 ukachapishwa, ukisema kwamba migomba inahitaji samadi yake yote, poleni. Leo yeye ndiye anayewafundisha watafiti vijana wetu maadili ya uchapishaji, na huanza somo kwa kuwaonyesha makala yake iliyofutwa. Waandishi sasa hutuletea makosa yao wenyewe kabla hatujayaona. Mmoja alileta na sale. Alisamehewa, na kosa lake likachapwa.

Bi. Theopista, wenzako tunakushukuru kwa jarida ambalo mkulima anaweza kulifuata bila hofu. Umetusahihisha bila kutuaibisha, na mara chache ulipotuaibisha tulistahili. Utuwie radhi kwa kazi tuliyokupa. Tunajua unapanda Kilema kuishi na Bibi Salvina na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Banda lao analijenga Dk. Aminieli kwa mikono yake, na amenituma niwatangazie wote kwamba vipimo vya safari hii amevipima mwenyewe. Mungu akupe siku ndefu, ng'ombe wapole, na meza isiyo na kiti kitupu.