Sabine Nyiramahoro na Homa Isiyosubirishwa (1948–2002)

Norbert Rwabuhihi, shemeji wa marehemu na ndiye aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma karatasi hii, alimjua Sabine kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa Jumamosi tarehe 15 Juni 1968, Nyakabere, uwanjani kwa Mzee Hagenimana. Norbert alikwenda kama msemaji wa familia, kumwombea mdogo wake Sylvestre mke. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, amejijenga mwenyewe kwa kuuza chumvi na samaki wadogo wa ndagala kwa baiskeli kutoka Mulongwe, mtaa wetu wa Uvira, mpaka bonde la Ruzizi, na hakuwa na mazoea ya kuchukua kitu kabla ya kukigeuza na kuona upande wake wa chini.

Wazee wa Nyakabere walitaja ng'ombe sita. Kabla Norbert hajafungua kinywa, mama wa binti, Nyiransengimana, alileta karatasi ya hospitali akaiweka juu ya mkeka. Hakutaka kuficha. Karatasi ilisema kwamba binti huyu alipasuliwa mwaka 1964 na kutolewa bandama.

Norbert aliona mlango umefunguka.

"Wazee, mutanisamehe," alisema. "Tulikuja kuomba muntu muzima. Huyu amepunguka. Ngombe nne."

Walivutana mpaka kivuli cha nyumba kikahamia upande wa pili, wakamaliza kwa ng'ombe wanne. Norbert alikuwa akijipongeza moyoni wakati sauti ilipotoka nyuma ya ukuta wa matete, mahali ambapo desturi ilimtaka binti anyamaze.

"Shemeji, ngombe ni ya Baba, mupunguze tu. Lakini homa hamutapunguza."

Wazee walikohoa. Norbert aliuliza, "Homa gani tena? Hata haujaolewa, umeanza kuumwa?"

"Ile itakuja. Nikisema niko na moto, hakuna kuomba ruhusa, hakuna kungojea bwana arudi kazini. Nameza vidonge, tunaenda hospitali saa ileile. Ya pili, vidonge ni vyangu peke. Ya tatu, chandarua ni changu, hata mugeni akikuja."

"Na homa ikikukuta kanisani?"

"Pasta atasema amina bila minye, minye niko njiani."

Norbert aliyakubali yote matatu mbele ya mashahidi. Aliona ni maneno tu, na ng'ombe wawili wamebaki zizini kwao.

Sabine alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapohapo Nyakabere, mtoto wa tatu kati ya sita wa Hagenimana na Nyiransengimana, wakulima wa mpunga na mihogo. Malaria ilimrudia utotoni mara nyingi mpaka bandama likavimba, na ndugu zake wakamtania kwamba amebeba kiazi ubavuni ili asigawane na mtu.

Alianza shule ya msingi ya misioni mwaka 1955. Siku za uhuru, mwaka 1960, mwalimu aliwauliza watoto uhuru utawaletea nini. Wenzake walisema mikate na magari. Sabine, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na akitumia kalamu moja na wasichana wawili, alisema, "Kalamu yangu minye peke." Alipata cheti mwaka 1962. Kalamu aliinunua baba yake, kwa kuuza kuku.

Mei 1964 uasi ulifika Uvira, na familia ikakimbilia Burundi. Tarehe 17, walipokuwa wakivuka Ruzizi katika mtumbwi uliojaa, Sabine aliteleza akaangukia ukingo kwa ubavu wa kushoto. Bandama lililovimba likapasuka. Katika hospitali moja ya Bujumbura waganga walilitoa, ndiyo maana damu haikumwishia.

Aliyemfundisha kuishi bila bandama alikuwa mwuguzi anayeitwa Rénovat. Alimwambia kwamba bandama ni mlinzi wa damu, na sasa mlinzi ameondoka. Vijidudu vikiingia, homa haitampa siku tatu za kufikiri, pengine haitampa hata moja. Kwa hiyo vidonge vya peniselini vikae mwilini mwake kama nguo, dawa ya kuzuia malaria asiiruke, alale ndani ya chandarua, na akiumwa na mbwa asingoje kidonda kivimbe. Aliyarudia maneno hayo mpaka Sabine akakasirika.

"Nimesikia!"

"Kusikia ni kazi ya sikio," alisema Rénovat. "Sema tena."

Familia ilirudi Nyakabere mwaka 1966, na harusi ilifungwa Uvira Jumamosi tarehe 10 Agosti 1968. Kwa desturi ya nyumba yetu, bibi harusi hukaa ndani amefunikwa kitambaa, asionwe na wageni mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo ilipangwa Jumamosi tarehe 24. Jumatano tarehe 21, saa nane mchana, Sylvestre akiwa kazini bandarini Kalundu, sauti ilitoka ndani: "Niko na moto."

Mama mkwe wake, Murekatete, alikuwa akichambua mchele wa sherehe. "Ni mafua, mwanangu. Vumilia, Jumamosi iko karibu."

"Mama, vidonge nimekwisha kumeza. Sasa ni kwenda."

"Kwenda wapi na kitambaa kichwani? Bibi harusi hatoki mbele ya siku yake! Watasema tumemutesa. Watasema ndoa imeharibika."

Norbert alikuwa akifunga gunia la chumvi kwenye baiskeli, na aliyasikia yote. Si huruma iliyomsukuma, na mwenyewe hajawahi kudai hivyo. Aliwaona mashahidi wa Nyakabere, walewale wanaonunua chumvi yake, wakimwuliza neno lake lina uzito gani. Alifungua kamba, akashusha gunia.

"Mama, homa hii minye niliikatia neno. Niliachiwa ngombe mbili juu yake."

"Na desturi?"

"Desturi tutailipa. Huyu akikufa, tutamulipa na nini?"

Akampandisha nyuma ya baiskeli, na kitambaa chake kichwani. Mulongwe nzima ilisimama kumtazama bibi harusi akipita mchana kweupe. Mwanamke mmoja wa sokoni akapaza sauti, "Eh, Norbert! Weye unamurudisha kwao?"

"Nampeleka wamuongeze bei!" alijibu, bila kupunguza mwendo.

Kutoka kitanda chake mpaka hospitali ni muda wa kupika ugali, lakini alipofika hakuweza tena kusimama. Alichomwa sindano siku tisa. Daktari alimwambia Norbert kwamba wangengoja Jumamosi wangekuwa makaburini, na kwamba hata kwa kesho yake asubuhi asingeahidi kitu. Murekatete alidai sherehe ipangwe upya na mbuzi achinjwe, na Norbert akatoa mbuzi. Tangu hapo, wa kwanza kugusa paji la Sabine kila asubuhi alikuwa Murekatete, mpaka mkwe akalalamika kwamba anaamshwa bure.

Sabine na Sylvestre walijaliwa watoto wanne. Mwaka 1971 alianza kuuza mafuta ya mawese soko la Mulongwe. Norbert alimfundisha kupima na kubishana, akajuta, kwa sababu mwanafunzi alimpita.

Kazi yake nyingine haikuwa na mshahara. Mwaka 1974 waganga wa hospitali walimwomba azungumze na watu waliotolewa bandama. Baadhi yao walisikiliza mashauri yote, wakaitika, wakarudi nyumbani wakafa kwa homa ya siku moja. Sabine hakuwapa mashauri tena. Aliwauliza swali moja: "Nyumbani kwenu, ni nani anasema ngoja?" Kwa mmoja alikuwa mume, kwa mwingine mama mkwe, kwa mwingine kikundi cha maombi. Basi Sabine alimwacha mgonjwa, akamfuata huyo mwenye ngoja, akakaa naye na kubishana mpaka wakakubaliana. Kwa kikundi cha maombi alikata hivi: waombe wote, ila waombee njiani wakimpeleka mgonjwa hospitali.

Hatungimana, mvuvi wa Makobola, alikuwa na tatizo tofauti. Kwake hakuna aliyesema ngoja. Vidonge ndivyo vilivyokosekana. Mke wake, Apollinarie, alivigawa. Jirani akikohoa alimpa kimoja, mtoto wa jirani akiumwa sikio alimpa nusu, kama mtu anavyogawa chumvi.

"Nitamukatalia namna gani, Mama Sabine?" alisema. "Wataniita muchoyo."

"Waniite minye. Mwambie kila muntu vidonge ni vya Sabine wa Mulongwe, amekukataza. Anayetaka afike kwangu."

Walifika. Sabine aliwapeleka wenye kikohozi hospitali, na vidonge hakutoa hata kimoja. Kwa miaka mingi Makobola walimwita Mama Muchoyo, na akipita watoto waliliimba jina hilo. Liliingia mpaka kwenye biashara, kwani kuna waliokataa kununua mafuta kwake. Sabine alisema jina si kitu cha kumezwa wakati wa homa. Hatungimana alipata homa kali mara tatu, na mara zote tatu alivikuta vidonge mahali pake. Leo ni mmoja wa waliobeba jeneza hili.

Mwaka 1989 Sabine alivuka mpaka na watu kumi na mmoja wasio na bandama, kwenda kuchomwa chanjo Bujumbura. Mmoja alifurahi kwamba sasa wameachana na vidonge. Sabine alimwuliza, "Umefunga mulango. Na dirisha je?"

Oktoba 1996 vita vilirudi. Familia ilikimbia kwa miguu kuelekea kusini. Norbert alibeba vitambaa vya duka alilokuwa nalo siku hizo, Sabine alibeba vidonge na chandarua. Kwenye kizuizi cha kwanza askari walichukua vitambaa, wakatazama vidonge, wakavirudisha. Norbert alitembea mikono mitupu, mpaka shemeji yake akampa chandarua abebe. Hilo lilimuuma zaidi.

Tangu mwaka 1999 Sabine alisumbuliwa na presha. Jumanne tarehe 12 Februari 2002 aliumwa kichwa ghafla, akaanguka sokoni. Katika nusu saa alikuwa hospitali, kwa kuwa hakuna sokoni asiyejua kanuni yake. Norbert alimwuliza daktari, "Ni homa?"

"Hapana, mzee. Ni mushipa wa kichwa umepasuka."

Norbert aliuliza mara ya pili, na jibu lilikuwa lilelile. Sabine alifariki Alhamisi tarehe 14 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tatu. Homa haikumpata.

Sasa kila upande utazame ulichobaki nacho. Nyakabere walipoteza ng'ombe wawili kwa kasoro ambayo mwenyewe aliichunga kuliko wengi wanavyochunga uzima wao. Upande wetu ulibaki na ng'ombe hao, wakazaa, na wote walichukuliwa na wenye silaha alasiri moja mwaka 1996. Sabine alipata maneno matatu, akaishi juu yake miaka thelathini na mitatu, na hakuna kizuizi kilichomnyang'anya. Norbert anaandika hivi mbele ya mashahidi: siku ile Nyakabere waliobishana walikuwa uwanjani, lakini aliyejua bei alikuwa nyuma ya ukuta.

Juzi jioni, msiba ukiwa umejaa na pasta akiomba, mjukuu mdogo alishikwa na homa. Huyu bandama lake analo. Apolline, binti wa marehemu, aliinuka mkekani, akambeba akaenda. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyesema ngoja. Pasta alisema amina bila wao. Ilikuwa malaria, mtoto ametibiwa, amelala pale kwa shangazi yake.

Marehemu ameacha mume wake Sylvestre Twizerimana; watoto wanne, Ildephonse, Apolline, Nzeyimana na Murekatete, aliyepewa jina la bibi yake; wajukuu saba; mama yake mzazi Nyiransengimana; ndugu wawili wa Nyakabere; shemeji yake Norbert; na watu tisa wasio na bandama, ambao wako hapa na vidonge vyao mfukoni.

Pumzika, Sabine. Yote matatu yanaendelea.